Mkono wa Lusungu

Kamba ya mbele kushoto ilikuwa imerefuka tena.

Obadia Mlowe aliliona hilo kabla ya kupima. Kamba nne za tiara zilikuwa zimelazwa juu ya nyasi, kutoka kwenye winchi iliyokazwa breki hadi ng'ambo ya uwanja, na pale ambapo tatu zilinyooka, ya nne ililala na tumbo. Hata hivyo alipima. Jicho huona linachokitegemea, na Obadia hakuwa mtu wa kuliamini jicho pale penye mizani.

"Vuta," alisema.

Zabroni Nchimbi, mwenzake wa kazi, alitia ndoano ya mizani kwenye kitanzi cha kamba, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote hadi mshale ukafika kwenye alama nyekundu. Ndivyo walivyofanya siku zote: mmoja huvuta, mwingine husoma, na anayesoma hagusi kamba hadi anayevuta atamke neno.

"Imefika. Soma upesi, Mbena. Mgongo huu si mali ya kituo."

Obadia alisoma alama kwenye kigingi cha kupimia. Kushoto kulizidi kulia kwa upana wa vidole vinne. Walipopima mara ya mwisho ilikuwa viwili.

Kila kamba ilifungwa kwenye tiara kwa ugwe mfupi, mnene, wenye mafundo yaliyopangana kama vidato vya ngazi. Kamba ikirefuka kwa kazi, mfungaji huhamisha kitanzi chake fundo moja ndani, kamba ikawa fupi, na tiara ikarudi kukaa sawa angani. Asipofanya hivyo, upande uliorefuka hukamata upepo mwingi kuliko mwenzake, na tiara huanza kuelemea huko, kila siku zaidi ya jana. Obadia alikuwa akihamisha kitanzi cha mbele kushoto tangu kiangazi kilichopita. Sasa kilikuwa kwenye fundo la mwisho. Baada yake kulikuwa na pete ya chuma tu.

"Inasemaje?" Zabroni aliuliza.

"Ngazi imekwisha."

Zabroni alilegeza mizani. Alitazama ugwe, kisha akatazama mlima, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa nguo.

"Basi imekwisha," alisema. "Unajua kinachofuata."

Obadia alijua. Kamba ikimaliza mafundo, seti nzima hutupwa. Ikiwa ni seti ya pili kuisha upande uleule, basi tatizo si kamba, ni Mkono unaoziongoza, na Mkono nao huchemshwa. Hii ilikuwa seti ya pili.

Alipiga magoti. Alishika kamba yenyewe, si ugwe, akaikunja, akapitisha ncha, akaikaza kwa meno. Kamba ya namna ile ni nyembamba kuliko penseli na inaweza kuinua lori, lakini ikipigwa fundo katikati hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Hakuna mfungaji asiyelijua hilo. Wengi walikuwa wamelijua kutoka kwa Obadia.

"Hilo fundo," Zabroni alisema.

"Naliona."

"Wale wanafunzi wa Wanging'ombe uliwaambia ukimkuta mtu kafunga hivyo utamrudisha kwao kwa miguu."

"Ni kwa muda."

"Muda gani?"

"Vuta," Obadia alisema.

Zabroni alisimama kidogo, kisha akatia ndoano na kuegemea. Obadia alisoma. Kushoto na kulia zilikuwa sawa.

*

Watu ambao hawajafika kituoni huamini kwamba tiara hurushwa na kompyuta. Hilo lilijaribiwa. Upepo wa uwanda wa Makambako hubadili nia katikati ya kona, na kompyuta zilizoletwa mwanzo ziliangusha tiara kwenye mashamba ya viazi moja baada ya nyingine. Kilichofaulu ni Mkono. Ni boksi la ukubwa wa mzinga wa nyuki, limejaa nyuzi zinazofanya kazi kama msuli, na limefungwa kwenye kamba mbili za nyuma, zile za kuongozea. Mrushaji hushika usukani wake na kuirusha tiara msimu mzima. Nyuzi anazozitumia hukakamaa, asizozitumia hubaki laini, mpaka inafika siku anaachia usukani na Mkono unaendelea bila yeye, ukigeuka pale ambapo angegeuka, ukingoja pale ambapo angengoja. Tiara huchora nane angani, hufyatua kamba, winchi inazunguka, na mji unapata umeme.

Mkono hauwezi kunakiliwa, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa ndani yake. Hauwezi pia kufundishwa na watu wawili, kwa sababu boksi lenye walimu wawili husita, na tiara inayosita huanguka. Unaweza kutumika ulivyo, au kuchemshwa, yaani kutiwa kwenye joto la tanuri, hadi nyuzi zote zilegee na mtu mwingine aanze.

Mkono wa Tiara Namba Saba ulifundishwa na Lusungu Kalinga, mkuu wa warushaji na mke wa Obadia. Lusungu alikufa mwaka jana, kabla ya mvua.

Bega lake la kulia lilivunjika utotoni, alipoanguka na mzigo wa kuni, na halikuunga vizuri. Kwa hiyo kila kona aliianzia kushoto, hata kona ya kulia. Na kabla ya kuvuta alikuwa akiugusa usukani mara mbili, haraka haraka, jambo ambalo kiufundi halikuwa na faida yoyote. Obadia alimweleza hivyo walipokuwa wachumba, na alimweleza kwa mchoro.

"Najua," Lusungu alimjibu. "Naiambia tu kwamba nakuja."

Mkono ulijifunza yote mawili.

*

Upepo ulipanda, na Saba ikapanda nao. Obadia alisubiri hadi tiara iliposhika urefu wake, akaenda kwenye uzio wa mashariki.

Bibi Falesi Kalinga, mama yake Lusungu, alikuwa ameketi nje ya uzio kwenye kigoda chake, pembezoni mwa shamba la viazi, shuka limefungwa hadi kidevuni. Alikuwa akija kila siku yenye upepo. Obadia alisimama mbali kidogo, ubavu kwake, akitazama viazi. Mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wala hamkazii macho.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Mmeamkaje?"

"Salama. Na huko nyumbani?"

"Kupo. Mbuzi wa Mgimba kala sabuni yangu yote, sasa anatoa povu njia nzima na mwenyewe anasema nimemroga." Alivuta shuka. "Leo kachelewa kupanda."

"Tulikuwa tunapima kamba."

"Aa."

Tiara ilikuja upande wao. Kivuli chake kilipita juu ya matuta, kikapanda juu ya magoti ya Bibi Falesi, na kamba zikalia kwa sauti nyembamba. Juu kabisa, kabla ya kugeuka, ncha ya kushoto ilitikisika mara mbili. Bibi Falesi aliinua mkono kidogo kutoka kwenye shuka, kama mtu anayeitikia salamu ya mpita njia, akaurudisha.

Obadia alilitafuta fundo kwa macho, ingawa alijua kwamba kwa urefu ule haliwezi kuonekana.

"Mama, nilikuwa na ombi. Kigoda ungekisogeza nyuma, kule kwenye miti."

"Kule simwoni vizuri."

"Utamwona. Hapa kamba zinapita juu yako."

"Ndiyo nasema." Sauti yake ilikuwa na kitu cha furaha ndani yake. "Nilipoanza kuja hapa alikuwa anageukia kwenye ile nguzo. Baadaye akawa anafika kwenye tuta lile kubwa. Sasa anafika hapa, juu ya kichwa changu. Anazidi kunisogelea, baba. Halafu wewe unaniambia nimkimbie?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi, ila si la kumwambia mama mkwe: nyuzi zinazotumika hukakamaa, na hazina mahali pa kukomea. Tabia iliyoingia kwenye Mkono haikai ilivyo, hukua. Kona ya kushoto ilikuwa ikipanuka kila mwezi kwa sababu hiyo na si nyingine. Lusungu, alipokuwa hai, hakuwahi hata mara moja kuivusha tiara juu ya uzio, kwa kuwa alijua kuna watu wanaochimba viazi. Alikuwa na msimamo mkali juu ya jambo hilo. Alishawahi kumfukuza kazini mrushaji aliyelifanya mara moja tu.

"Nitakuja tena, mama," alisema.

"Njoo. Na ule. Umekonda kama fimbo ya kuchungia."

*

Zabroni alikuwa kwenye winchi, mkono mmoja juu ya breki. Pembeni yake Mkono ulikuwa kazini, usukani ukisogea wenyewe mbele na nyuma, hakuna aliyeushika. Waliozoea hawautazami. Obadia aliutazama.

"Kasogea?" Zabroni aliuliza.

"Hataki."

"Angetaka angekuwa si Mhehe." Zabroni alikuwa Mngoni wa Songea, na Wangoni na Wahehe ni watani, hivyo angeweza kusema juu ya ukoo wa Kalinga maneno ambayo yangemvunjia mtu mwingine meno. Lakini hakucheka. "Kule kituo cha jirani waliwahi kusema ni kwa muda. Kamba ikakatika, ikarudi chini ikapita kwenye ng'ombe wawili waliokuwa wanalima. Mwenye ng'ombe aliinama kufunga kiatu, ndiyo maana yupo."

"Nilisoma ripoti."

"Mimi niliwaona ng'ombe."

Usukani ulifika mwisho wa mkondo wake. Gusa, gusa. Kisha ukavuta.

"Unakumbuka mazishi?" Zabroni aliuliza.

Obadia aliyakumbuka. Zabroni aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki hadi apewe kofia ya sufu ya marehemu. Alipopewa aliivaa, akapita katikati ya waombolezaji bega moja limeshuka, akigusa kila mlango mara mbili, kila mti mara mbili, hadi kipara cha mchungaji. Watu walicheka huku wanalia, kwani ndiyo kazi ya mtani msibani. Siku ya kuanua matanga aliirudisha kofia imefuliwa, na tangu hapo hakumwigiza tena.

"Nilizidisha," Zabroni alisema. "Lusungu hakuwa anashusha bega vile. Mtani lazima azidishe, la sivyo hakuna anayecheka. Lakini matanga yakianuliwa, mtani anaacha. Asipoacha, hiyo si heshima tena, ni kumsumbua maiti." Alionyesha boksi kwa kidevu. "Huyu hajaambiwa kwamba matanga yameanuliwa."

Obadia aliweka kiganja juu ya usukani, jambo ambalo halikatazwi, na akangoja kona. Lusungu alikuwa akiugusa kama mtu anayejaribu kikombe kama chai imepoa. Kilichopiga kiganja chake kilimrudisha mkono hadi kifuani. Mara mbili.

Alikuwa bado anajisugua kiganja pale Injinia Edina Kyando alipotoka ofisini na kofia ngumu mkononi. Alikuwa mdogo kwa Obadia, alifanya mafunzo chini yake, na hakuwahi kuacha kumwita mzee.

"Mzee Mlowe, upepo wa mchana unapanda. Tiara nyingine zote nimezipunguzia kazi. Kamba za Saba zikoje?"

"Zimepimwa."

"Ukiniambia ziko sawa, naiacha ipige kazi. Sina haja ya kukagua nyuma yako."

Zabroni alikuwa amegundua jambo la maana kwenye kucha zake.

Neno lililohitajika lilikuwa moja, na kwa namna fulani lilikuwa kweli: urefu wa kushoto na urefu wa kulia vilikuwa sawa kabisa. Obadia alilifikiria neno hilo kwa muda wa kona nzima. Kivuli cha tiara kilikuwa kikienda kwenye uzio.

"Ziko sawa kwa urefu," alisema. "Ya mbele kushoto ina fundo."

"Fundo la ugwe."

"La kamba."

Edina alimtazama, kisha akamtazama Zabroni, ambaye hakuinua uso.

"Nani kafunga?"

"Mimi."

Edina alivaa kofia. "Ishusheni," alisema.

Waliishusha taratibu, Zabroni kwenye breki, Obadia akikimbia kuidaka ncha ya kushoto isiburuzike. Fundo lilikuwa limejikaza hadi likawa dogo kama punje ya mtama. Nyuzi za nje zilikuwa zimeyeyuka kwa msuguano, zinang'aa kama nta. Obadia aliligeuza kwenye mwanga, akalikagua kama ambavyo angekagua kazi ya mtu mwingine, na akafikia uamuzi ambao angemfikishia mtu mwingine: lisingemaliza mchana huo.

*

"Kuna njia ya kuuhifadhi," aliwaambia ofisini. "Tuuweke tu. Tuache kuurusha, tuuweke stoo."

Edina alikuwa amesimama dirishani. "Wewe ndiye uliyenifundisha jibu la hilo, mzee."

"Nataka nilisikie."

"Nyuzi zisizotumika hulegea zenyewe. Baada ya msimu mmoja utakuwa na boksi tupu. Tofauti ni kwamba hutajua ni siku gani lilikuwa tupu." Aligeuka. "Na ukiendelea kuurusha, kila siku unazidi kuwa kitu ambacho Dada Lusungu asingekiruhusu kituoni kwake. Angeushusha yeye wa kwanza, na angetutukana wote."

"Angetutukana," Zabroni alikubali.

Obadia aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyapitia yote hayo tangu asubuhi, akiwa amepiga magoti na kamba mdomoni, na hakuna hatua ya hoja ile iliyokuwa na kasoro. Alikuwa ameitafuta.

"Nitamwita mtu wa kituo kingine auchemshe," Edina alisema. "Si lazima uwe wewe."

"Ni kazi ya mfungaji."

"Na mama?"

Hapo Obadia alifanya kosa. Lilikuwa kosa la watu wenye adabu. Mkwe hapeleki habari ya msiba kwa mama mkwe kwa kinywa chake, humtuma mtu. Huyo mtu awe wa karibu na ukoo, asiyeogopa, aliyezoea kuingia nyumba ile bila kubisha. Kituoni alikuwapo mmoja tu wa namna hiyo. Obadia akamtuma Zabroni.

Zabroni alivuka uzio, akaonekana kwa mbali ameinama karibu na kigoda, akarudi.

"Nimemwambia," alisema.

Obadia hakuuliza amepokeaje. Aliogopa kuambiwa.

*

Tanuri la kituo lilikuwa kwenye banda la nyuma, karibu na mashine ya kusuka kamba. Obadia aliufungua Mkono kutoka kwenye kamba za nyuma, akaufuta vumbi, akaupakia kwenye toroli na kuusukuma mwenyewe. Zabroni alifungua mlango wa tanuri na kusimama nje, kofia mkononi.

Boksi huingia ndani, usukani hubaki nje kupitia tundu la mlango. Mtaalamu anatakiwa kuushika usukani muda wote, kwa sababu nyuzi zikipata joto hujikunja kwanza kabla ya kulegea, na usukani unaweza kuupiga mlango na kuvunjika. Hayo yameelezwa vizuri kwenye kitabu cha mafunzo. Hayana maana nyingine.

Obadia aliwasha moto, akaushika usukani.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha chuma kikaanza kuwa vuguvugu, na kiganjani mwake ukatokea msogeo mdogo kuelekea kushoto. Gusa, gusa. Joto lilikuwa limelegeza ukali wa miezi ya karibuni kwanza, nyuzi za juu zilizokakamaa mwisho, na chini yake palikuwa na zile za mwanzo. Kwa kona chache, huku hakuna tiara wala upepo, Mkono uligusa kama alivyokuwa akigusa Lusungu, kwa uzito wake uleule, si zaidi.

Obadia hakuwa amelitegemea hilo. Lingeweza kutabiriwa, na alishangaa kwamba hakulitabiri. Mkono wake wa pili ulikwenda kwenye swichi, ukakaa hapo. Angezima sasa hivi, angebaki na huu, wa msimu wa kwanza, usiovuka uzio. Halafu ungerushwa, na nyuzi zingeanza kukakamaa tena upande uleule, na msimu mwingine angekuwa hapa hapa, amesimama namna hii.

Aliondoa mkono kwenye swichi.

Gusa, gusa. Baadaye gusa moja, na ya pili ikawa mtetemo tu. Baadaye misogeo isiyo na umbo, kushoto, kulia, kama ya kitu chochote kinachopata moto. Aliendelea kuushika hadi ulipozungushika kwa kidole kimoja, kisha akaendelea kuushika.

"Obadia," Zabroni aliita kutoka nje. Si Mbena, wala bwana mfungaji. "Umeshalegea."

"Najua."

"Basi uache upoe."

*

Kesho yake walifunga seti mpya. Kamba mpya hazina tofauti. Obadia alizipima zote nne na kuziweka kwenye mafundo ya kwanza ya ngazi, moja baada ya nyingine, na Zabroni alivuta bila kutania. Mrushaji mpya, Agripina, binti mrefu mwenye mabega mawili mazima, alishika usukani na kuipandisha Saba kwa uangalifu wa mtu anayebeba sufuria ya moto. Ilichora nane pana, zisizo na haraka. Kushoto iligeukia kwenye nguzo, mbali na uzio.

Obadia alipogeuka, Bibi Falesi alikuwa pale pale, kwenye kigoda chake, shuka hadi kidevuni, anatazama juu.

Alikwenda. Alisimama mahali pake, ubavu kwake.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba." Hakuwa amegeuza macho. "Leo haji huku."

Obadia alitazama viazi.

"Nimengoja toka ilipopanda. Anaishia kule. Hata haitikisiki. Nimemkosea nini?"

"Zabroni alikuja jana," Obadia alisema.

"Alikuja, mtu wa ovyo yule. Akaniambia eti mnamtia Lusungu kwenye tanuri." Alicheka kidogo, pumzi tu. "Nilimwambia na wewe Mngoni tutakuchemsha, ila utahitaji kuni nyingi. Nilicheka hadi nikamwaga togwa. Nikasema basi leo nitamwambia mkwe amwonye, utani mwingine umezidi."

Kisha alisikia kwamba Obadia hakucheka. Ilionekana kwenye shuka: vidole vilivyokuwa vimelishika vililiachia.

"Baba."

"Mama."

"Yule ni nani pale juu?"

Kulikuwa na majibu kadhaa, yote sahihi. Obadia aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu alipooa alimtazama mama mkwe wake usoni. Alikuwa na macho ya Lusungu, jambo ambalo angelijua miaka mingi iliyopita kama angeruhusiwa kutazama.

"Bado si mtu, mama."

Bibi Falesi alilipokea hilo kama mtu anayepokea mzigo asiojua uzito wake. Alitazama tiara ikienda hadi kwenye nguzo na kurudi.

"Nilicheka," alisema.

"Nilipaswa kuja mwenyewe."

"Mwanangu anaondoka, na mimi nacheka, namwaga togwa."

"Kosa ni langu, mama. Nilimtuma mtani."

"Ulimtuma kwa heshima." Alisema hivyo bila kumlaumu, wala bila kumsamehe, alikuwa anaweka tu jambo mahali pake. Halafu, baada ya kona nyingine: "Hospitali hatukuwepo. Wewe ulikuwa huku, mimi nilikuwa kwenye basi. Nesi ndiye aliyekuwepo, na nesi hata jina lake hakulijua, alimwita mgonjwa wa dirishani. Hii ya jana. Alikuwa na nani?"

"Na mimi."

"Mwanzo hadi mwisho?"

"Nilimshika mkono, mama."

Obadia, aliyekuwa akisahihisha maneno ya watu maisha yake yote, alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Mkono haukuwa Lusungu. Zilikuwa nyuzi, na alizishika ili chuma kisivunjike. Alingoja aone kama atalisahihisha.

Bibi Falesi aliinuka kwenye kigoda. Alikishika kwa mkono mmoja kama anayetaka kuondoka, akakisogeza pembeni, akakaa chini juu ya tuta la viazi, kwenye udongo. Kigoda kilibaki kati yao.

"Kaa," alisema.

"Mama, si vizuri."

"Watu wako wanatazama juu. Kaa."

Obadia alikaa. Agripina alikuwa akijifunza; aliivuta tiara mapema mno, ikayumba, akairudisha. Kila kona ilikuwa tofauti na iliyotangulia. Hakuna kilichoelemea upande wowote. Bibi Falesi aliitazama kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa ndani ya shuka, na tiara ilipofika kwenye nguzo na kugeuka bila kutikisika, mkono huo haukutoka.